Nani anayasukuma mabara?

Najua nimewatupa, testi zilinibana kweli kweli. Leo sina umbea wa hosteli. Nina deni kwa mdogo wangu, na nimeamua kulilipa hapa hapa mbele yenu.

Likizo iliyopita dogo, yuko kidato cha tatu, alikuwa anajisomea jiografia. Akaniuliza, "Kaka, hapa wanasema zamani mabara yalikuwa yameshikana, halafu yakaachana. Sawa. Sasa nani aliyasukuma?" Mimi nilikuwa naangalia mpira. Nikamjibu, "We kariri tu, hilo haliulizwi kwenye mtihani." Akafunga daftari, akatoka nje.

Juzi niko maktaba, nikakutana na swali lile lile. Kumbe kuna msomi mzima lilimsumbua mpaka anaingia kaburini!

Jamaa anaitwa Alfred Wegener, Mjerumani, kazaliwa 1880. Fani yake ilikuwa hali ya hewa, si miamba. Januari 1912, mjini Frankfurt, aliwaambia wanajiolojia kwamba mabara hayakuwa yalipo tangu mwanzo, yametembea. Mwaka 1915 akatoa kitabu. Na hakuja mikono mitupu. Pwani ya Brazil na pwani ya Afrika zinalingana kama vipande viwili vya sahani iliyovunjika. Mesosaurus, reptilia mdogo wa kale, mabaki yake yako kusini mwa Afrika na Amerika ya Kusini. Aliogelea Atlantiki yote? Halafu kuna miamba iliyokwaruzwa na barafu, na iko Afrika Kusini na India, kwenye jua kali.

Wakubwa wakamuuliza swali la dogo: nani anayasukuma? Hapo Wegener akababaika. Akasema labda ni mzunguko wa dunia, labda mvuto wa mwezi na jua. Mwingereza Harold Jeffreys akapiga hesabu, akaonyesha nguvu hizo ni ndogo mno. Na Jeffreys alikuwa sahihi kabisa katika hesabu hiyo. Kosa lilikuwa hatua iliyofuata, pale wengi waliposema: kwa kuwa hujui kinachosukuma, basi hakuna kilichosogea. Jamani! Ni sawa na kukuta mlango umevunjwa na redio haipo, halafu useme hakuna wizi kwa sababu mwizi hajajulikana.

Novemba 1930 Wegener alifia kwenye barafu ya Greenland, siku chache baada ya kutimiza miaka 50, akitoka kupeleka vifaa kwenye kituo cha utafiti. Mwenzake wa safari, Rasmus Villumsen, mwenyeji wa Greenland, alimzika vizuri kwenye barafu, akaendelea na safari. Yeye hakuonekana tena.

Jibu lilikuwa limeshaanza kupikwa. Mwingereza mwingine, Arthur Holmes, alikwenda Msumbiji mwaka 1911 kutafuta madini, malaria ikamtandika. Alipona, na mwishoni mwa miaka ya 1920 akaja na wazo: chini ya ganda la nje kuna mwamba wa moto sana. Ni mgumu, lakini kwa mamilioni ya miaka unatiririka polepole, wa moto unapanda na uliopoa unashuka, kama uji kwenye sufuria. Wazo zuri, ila wachache walilijali. Ushahidi ulikuwa umelala chini ya bahari.

Aliyeuona ni dada mmoja Mmarekani, Marie Tharp, wa Chuo Kikuu cha Columbia. Enzi hizo wanawake hawakuruhusiwa kupanda meli za utafiti. Wanaume walikwenda baharini kupima kina kwa mwangwi wa sauti, yeye akabaki mezani kuzigeuza namba ziwe ramani. Mwaka 1952 akaona kitu: katikati ya Atlantiki kuna safu ndefu ya milima, na kileleni mwake kuna bonde. Akamwambia mwenzake Bruce Heezen kwamba hapa sakafu ya bahari inapasuka. Heezen akayapuuza, eti ni maneno ya kike. Baadaye wakalinganisha na ramani ya matetemeko ya ardhi. Yamejipanga mle mle bondeni! Wakaufuata mstari hadi Bahari ya Hindi, ukaingia Ghuba ya Aden, ukaungana na... Bonde la Ufa. La kwetu hili hili wadau! Bonde ambalo J. W. Gregory alilipitia mwaka 1893, akaeleza kwamba ardhi ilivutwa pande mbili na ya katikati ikadidimia.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Mwaka 1962 Harry Hess akaeleza kwamba sakafu mpya ya bahari inazaliwa kwenye zile nyufa na kusogea pembeni. Mwaka 1963 Fred Vine na Drummond Matthews wakaonyesha kwamba alama za sumaku kwenye miamba ya huko chini zinaweza kuwa kumbukumbu ya safari hiyo. Ilipofika 1968, nadharia ya mabamba ilikuwa imesimama.

Kwa lugha ya kidato cha tatu: ganda la dunia limepasuka vipande kama ganda la yai la kuchemsha ulilogonga mezani. Vipande hivyo ndiyo mabamba, na vinasogea sentimita chache kwa mwaka, karibu na mwendo wa kucha kuota. Vikiachana unapata Bonde la Ufa. Vikigongana unapata Himalaya. Vikipishana unapata matetemeko ya California. Na upande wetu wa mashariki unaachana na Afrika iliyobaki kwa milimita chache kwa mwaka. Siyo hadithi za mbali hizi. Mwaka 2016 tetemeko la Bukoba liliua watu zaidi ya 15.

Sasa nani anayasukuma? Hapa ndipo nilipocheka peke yangu maktaba. Zaidi hayasukumwi, yanavutwa! Sakafu ya bahari ikizeeka inapoa, inakuwa nzito, inazama chini ya bamba jingine na kuvuta yote iliyo nyuma yake, kama blanketi linaloteleza kitandani kwa sababu upande mmoja umeshaning'inia.

Kwa hiyo swali la dogo halikuwa la kitoto. Waliomkataa Wegener waliuliza swali zuri, tatizo wakalitumia kufunga mlango. Holmes na wenzake wakalitumia kuufungua. Na mimi, kwa ajili ya mpira, niliufunga.

Jana nimempigia simu, nikamwomba radhi na kumsimulia yote haya. Alikaa kimya muda, nikadhani salio limekata. Halafu akauliza, "Kaka, na hilo joto la huko chini linatoka wapi, mbona halijaisha mpaka leo?"

Safari hii sikumwambia akariri. Nimemwambia anipe mpaka Jumamosi. Naelekea maktaba wadau, alamsiki.