Bonde la Mto Ruiru

Mto Ruiru, uchimbukao katika milima ya Nyandarua, hupita kwa utulivu katika nchi hii ya Gatongora na Ruiru, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,500, kisha hujiunga na Athi, ambao nao, baada ya kubadili jina ukaitwa Galana na hatimaye Sabaki, humwagika baharini karibu na Malindi. La ajabu ni kwamba jirani yake, mto Thika, hushika njia nyingine kabisa, ukaingia Tana na kutokea upande wa Kipini; hivyo mvua ya mlima mmoja hufika pwani kwa milango miwili.

Simama kimya kidogo ukingoni mwa mto. Ndege wa rangi ya kahawia, mwenye kishungi kilichoelekea nyuma mfano wa nyundo, ni fundichuma, ambaye katika panda ya mti hujenga kiota cha maelfu ya vijiti, chenye dari imara na mlango mdogo uliokandikwa udongo laini kama ukuta wa nyumba. Mdiria naye husimama hewani akipigapiga mbawa, kisha hujirusha majini wima kama timazi.

Kahawa ya Ruiru 11, istahimiliyo ugonjwa wa chulebuni, ilizaliwa katika kituo cha utafiti cha hapa Ruiru na kutolewa kwa wakulima mwaka 1985. Mibuni mingi imekwisha kung'olewa kupisha majumba, na ukanda mwembamba wa matete na mikuyu uliosalia kando ya mto umekuwa stara azizi ya viumbe hawa.