Ufunguo wa Siri: Peckham, Pate na Uchunguzi wa Mashambulizi ya Kigaidi

Serikali hutetea usiri katika uchunguzi wa mashambulizi ya kigaidi kwa hoja mbili: kuwalinda watoa habari na kulinda mbinu za kazi. Hoja hizo zina uzito, kwani mtoa habari aliyetajwa hadharani anaweza kuuawa. Tatizo huanza pale idara inayochunguzwa inapokuwa ndiyo inayoamua kipi ni siri. Hapo kesi ya nyani imepelekwa kwa ngedere.

Peckham, kusini-mashariki mwa London, iliwakilishwa bungeni tangu 1982 hadi 2024 na Harriet Harman, ambaye mvutano huu kati ya usiri na ukaguzi ulimgusa mwenyewe. Kabla ya kuingia bungeni alikuwa mwanasheria wa shirika la kutetea haki za raia. Mwaka 1985 Cathy Massiter, aliyewahi kuwa afisa wa MI5, idara ya ujasusi wa ndani ya Uingereza, alifichua kwamba idara hiyo ilifungua majalada juu ya Harman na mwenzake Patricia Hewitt. Wawili hao walipeleka malalamiko Strasbourg, na mwaka 1989 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaona kwamba haki yao ya faragha ilivunjwa. Mwaka huohuo ndipo MI5, iliyoanzishwa 1909, ilipotungiwa sheria yake ya kwanza na Bunge. Miaka themanini ya kazi bila sheria si jambo dogo.

Peckham imo katika wilaya ya Southwark, na ni katika wilaya hiyo, kwenye soko la Borough na eneo la London Bridge, watu 8 walipouawa tarehe 3 Juni 2017. Kiongozi wa wauaji, Khuram Butt, alikuwa akichunguzwa na MI5, na uchunguzi huo ulikuwa umesimamishwa mara mbili. Haya yalisemwa mbele ya familia za marehemu mwaka 2019, katika uchunguzi wa vifo uliosimamiwa na Jaji Mark Lucraft. Afisa wa MI5 alihojiwa na mawakili wa familia huku akitambulishwa kwa herufi tu. Lucraft hakuridhika kwamba kulikuwa na nafasi iliyopotea ambayo ingeokoa maisha. Familia zinaweza kuukataa uamuzi huo, lakini angalau zilimsikia shahidi akiulizwa, na jina lake halikutoka.

Kesi ya Lee Rigby, askari aliyeuawa Woolwich tarehe 22 Mei 2013, inafika hadi pwani ya Waswahili. Muuaji mmoja, Michael Adebolajo, alikamatwa katika kisiwa cha Pate, Lamu, mwaka 2010, akishukiwa kutaka kuvuka kwenda Somalia. Alifikishwa mahakamani Mombasa, kisha akarudishwa Uingereza, ambako alidai kwamba aliteswa akiwa mikononi mwa vyombo vya Kenya. Kamati ya Bunge ya Ujasusi na Usalama, katika ripoti ya Novemba 2014, iliilaumu MI6, idara ya ujasusi wa nje, kwa kutoyafuatilia madai hayo ipasavyo. Msomaji wa Lamu anayeifungua ripoti hiyo hukutana na kikosi cha Kenya kilichopewa jina la bandia, ARCTIC, na nyota tatu tatu mahali maneno yalipofutwa. Kwa sheria ya 2013, mwenye neno la mwisho juu ya nyota hizo ni Waziri Mkuu, yaani mkuu wa serikali ileile ambayo idara zake zinakaguliwa. Hata hivyo suala la madai ya mateso halikuishia hapo: Sir Mark Waller, kamishna aliyesimamia idara za ujasusi, alipewa kazi ya kulichunguza, na ripoti yake ikatolewa 2016.

Upande wa Kenya haukupiga hatua kama hiyo. Baada ya watu 67 kuuawa katika jengo la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, Rais Uhuru Kenyatta aliahidi tume ya uchunguzi. Kamati mbili za Bunge ziliandika ripoti ya pamoja, na Bunge lenyewe likaikataa mwaka 2014. Wanajeshi walioonekana kwenye kamera za jengo hilo wakibeba mifuko walizua maswali ambayo yalihitaji chombo huru kuyajibu. Tume iliyoahidiwa haikuundwa.