Hewa ya Ghorofa za Pipeline

Mimi ni fundi wa intaneti katika ghorofa za Pipeline, Embakasi, Nairobi. Lalamiko ninaloletewa zaidi ni hili: "Fundi, nimelipia megabiti 20, mbona saa mbili usiku video inakwama?" Nikipima kwenye waya wa faiba pale ukutani, zote 20 zipo. Zinapotelea katika mita tatu za hewa kati ya ruta na kitanda, na chanzo chake ni maamuzi yaliyopitishwa kabla ghorofa hizi hazijajengwa.

Mwaka 1947, mkutano wa kimataifa wa mawasiliano uliofanyika Atlantic City, Marekani, uligawa masafa ya redio. Ukanda wa megahezi 2450 ulitengewa mitambo ya viwanda, sayansi na tiba, ile inayotumia mawimbi kupasha vitu joto. Tanuri la maikrowevu linafanya kazi humo. Aliyetaka kurusha ujumbe katika ukanda huo alipaswa kuvumilia kelele, kwa hiyo wengi hawakuutamani. Mhandisi Michael Marcus wa Tume ya Mawasiliano ya Marekani alipopigania watu waruhusiwe kurusha data bila leseni, ukanda huo ukawa miongoni mwa kanda zilizofunguliwa mwaka 1985.

Walioichangamkia nafasi hiyo mapema walikuwa watengenezaji wa mashine za malipo za dukani, kampuni ya NCR. Kila duka lilipopanga upya rafu zake, nyaya zilibidi zing'olewe na kuvutwa upya. Wahandisi wake nchini Uholanzi wakabuni mtandao usio na waya, WaveLAN, na mmoja wao, Vic Hayes, akaongoza kamati iliyotoa kiwango cha kwanza cha Wi-Fi mwaka 1997: megabiti 1 au 2 kwa sekunde. Kwa mashine chache za duka, kasi hiyo ilitosha.

Namna ya kugawana hewa ina asili yake Hawaii. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake waliunganisha visiwa kwa redio, mtandao wakauita ALOHAnet. Kila kituo kilirusha kilipotaka. Ujumbe ukigongana na mwingine, kilisubiri muda wa kubahatisha kisha kikarudia. Hesabu zilionyesha kwamba chaneli ya namna hiyo haiwezi kupitisha ujumbe salama kwa zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wake. Wi-Fi ikaongeza adabu: sikiliza kwanza, ukisikia mwingine anarusha, subiri. Naiheshimu sana adabu hiyo, kwa kuwa bila yake Pipeline isingekuwa na mtandao wowote wa hewani. Lakini ghorofani, kusubiriana ndiko kunakokula megabiti za watu.

Ruta zetu zina chaneli 13 katika ukanda ule wa megahezi 2450. Zimeachana kwa megahezi 5 tu, ilhali kila ruta inahitaji karibu 22, kwa hiyo zisizoingiliana ni tatu: 1, 6 na 11. Fundi mwenzangu akiona 3 haina mtu, huiweka ruta hapo akidhani amemsaidia mteja. Walio kwenye 1 na 6 hawaielewi tena; kwao imekuwa kelele tupu, wala haiwapishi.

Mwaka 2009 mambo mawili yalikutana. Nyaya za intaneti za baharini, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa, na kiwango kipya cha Wi-Fi kikaruhusu chaneli mbili kuunganishwa kuwa moja ya megahezi 40. Katika ukanda mwembamba kiasi kile, naona hilo halikufaa kabisa kwa mitaa kama yetu: mpangaji mmoja huchukua karibu nusu ya hewa ya wote.

Na mwaka 1997 bado tunao. Kila ruta hutangaza jina lake karibu mara kumi kwa sekunde, na nyingi za bei nafuu hutangaza kwa megabiti 1, kasi ileile ya kiwango cha kwanza. Korido moja ya vyumba vya kupanga, kila mlango na ruta yake, hewa inajaa majina kabla hata mtu hajafungua video. Simu ya zamani iliyo mwisho wa korido nayo hujivuta kwa kasi hiyohiyo, kama mtu aliyeukalia mfereji wa ploti akijaza pipa kwa kikombe, wengine wote wakimngoja.

Ukanda mwingine, wa gigahezi 5, ulipata kiwango chake mwaka 1999, ila vifaa vyake vilikuwa ghali. Wateja hulalamika kwamba hauvuki ukuta. Kwangu hiyo ndiyo sifa yake: mawe ya Ndarugo yaliyojengea kuta hizi yanamzuia jirani asiingie kwako.

Katika ploti moja, keateka, yaani msimamizi wa jengo, alinikubalia tuzipange ruta zote: 1, 6 na 11 kwa zamu kwenye korido, tukizihamisha kila ghorofa ili za juu na chini zisilingane, runinga zipate waya, na simu mpya zihamie gigahezi 5. Vyumba vya nyuma vilitulia. Vya mbele bado, kwa kuwa ng'ambo ya kichochoro kuna ghorofa nyingine na ruta zake zinaingia kupitia madirishani. Mwenye jengo lile ninaendelea kumfuata.