Kushindwa kwa Hukumu, Kushindwa Mlangoni

Kodi ya meli ilikuwa mzigo wa miji ya pwani ya Uingereza, hadi mfalme Charles wa Kwanza alipoisambaza hata kwenye majimbo yasiyojua bahari. Huko Buckinghamshire, John Hampden alidaiwa shilingi 20 kwa ardhi yake ya Stoke Mandeville. Alikuwa tajiri na fedha hizo hazikumsumbua. Alichokataa ni kodi isiyopitishwa na Bunge. Kesi ilisikilizwa na majaji 12 mwaka 1637, na mwaka uliofuata 7 kati yao wakampa mfalme ushindi.

Hampden alishindwa, lakini alishindwa hadharani. Mawakili wake walisema yote waliyotaka kusema, na nchi nzima ikajua kwamba majaji 5 hawakukubaliana na wenzao. Watu wakaanza kugoma kulipa. Mwaka 1641 Bunge likaifuta kodi ile, na hukumu ikabatilishwa pamoja nayo. (Wanaomsifu Hampden husahau kwamba mkulima maskini wa jimbo hilohilo asingeweza kumlipa hata wakili mmoja.)

Marekani ilimpata mshindwa wa aina nyingine kabisa. Evelyn Gregory alimiliki kampuni iliyokuwa na hisa 1,000 za kampuni nyingine, na alitaka kuziuza bila kulipa kodi ya gawio. Tarehe 18 Septemba 1928 ikaundwa kampuni mpya, Averill, na hisa zikahamishiwa huko. Tarehe 24 Averill ikavunjwa, naye Gregory akabaki na hisa mkononi, akaziuza kwa dola 133,333. Kila karatasi ilikuwa sahihi kisheria. Bodi ya rufaa za kodi ilimpa ushindi. Mahakama ya rufaa ikampokonya, na mwaka 1935 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaafiki: kampuni isiyokuwa na kazi yoyote ila kukwepesha kodi haihesabiki.

Cha ajabu ni kwamba katika mahakama ya rufaa, jaji Learned Hand alikiri kuwa kila mtu ana haki ya kupanga mambo yake ili kodi ipungue. Wanasheria wa matajiri wanainukuu kauli hiyo hadi leo, ilhali mlipakodi aliyeizaa aliondoka mikono mitupu. Binafsi simhurumii Gregory. Ila hata yeye alielezwa kwa nini ameshindwa, na mpaka uliochorwa siku hiyo unawaongoza wengine.

Kenya ndiko mshindwa alikopanda na kushuka ngazi zote. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, ikaleta na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara. Waliofungua kesi, akiwemo Seneta Okiya Omtatah, walishinda Mahakama ya Rufaa tarehe 31 Julai 2024: sheria nzima ilitupwa, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ushindi haukumaliza miezi mitatu. Tarehe 29 Oktoba Mahakama ya Juu iliirudisha sheria. Lakini kabla ya hukumu hizo mbili, mwezi Juni 2024, vijana walikwisha kuingia barabarani dhidi ya muswada wa fedha wa mwaka huo, na Rais Ruto akakataa kuutia saini. Kilichoshindikana kortini kwa sheria ya 2023 kilipatikana mtaani kwa muswada wa 2024, tena kwa damu.

Tanzania ina mshindwa asiyeandikwa popote. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inamtaka anayepinga makadirio alipe kwanza theluthi ya kodi anayodaiwa, au kiasi asichokibishia, kile kilicho kikubwa. Chukua mwenye duka Kariakoo aliyekadiriwa milioni 30: lazima atoe milioni 10 ndipo pingamizi lake lipokelewe. Kamishna anaweza kumpunguzia akiona sababu ya msingi, lakini Kamishna ndiye huyohuyo anayedai. Asipolipa, makadirio yanasimama. Hakuna jaji aliyemsikia, hakuna hoja iliyojibiwa, na Bunge halina hukumu ya kusoma ili lijue sheria inaumiza wapi. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, Waziri Mkuu akaenda Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Malalamiko yanayokosa pa kusikilizwa kisheria hufika huko.

Wanaoitetea theluthi wanasema inazuia pingamizi za kupoteza muda. Kazi hiyo inaweza kufanywa na riba, inayoendelea kumhesabia anayechelewesha. Muswada wa Fedha hufika Dodoma kila Juni. Wabunge waifute theluthi kwa wafanyabiashara wadogo, wasikilizwe kwanza, na wakishindwa walipe deni pamoja na riba yake.