Joto la Oili katika Motokaa za Porsche 911 Zipozwazo kwa Hewa

Joto la oili, kwa mujibu wa makala hii, ni kiasi cha harara ya oili ya injini kama kionyeshwavyo na geji iliyo mbele ya dereva katika motokaa za Porsche 911 za zamani, yaani zile zilizoundwa Zuffenhausen, katika mji wa Stuttgart, Ujerumani, tangu mwaka 1964 hata 1998, ambazo injini zake hazina maji wala rejeta ya maji, bali hupozwa na hewa isukumwayo na feni pamoja na oili izungukayo ndani mwake. Injini iliyo nzima, ikiwa imekwisha kupata moto na gari limo katika mwendo wa kawaida wa safari, oili yake hukaa aghalabu baina ya nyuzi 80 na 105 za sentigredi. Katika msongamano wa magari, au katika mlima mrefu wakati wa jua kali, hupanda hata 110 au 115 pasipo madhara. Ama ikipita 120, imempasa dereva kupunguza kasi na kuanza kutafuta sababu. Walakini tarakimu hizi hazitoshi peke yake, kwa kuwa kinachotoa ithibati ya afya ya injini ni mwenendo wa mshale kuliko mahali uliposimama: mshale upandao, ukatulia, kisha ukarudi njia inapofunguka, ni wa injini salama, hata kama kilele chake kiko juu kidogo, lakini mshale upandao polepole bila kusimama, ijapokuwa bado haujafika mbali, unadai kuangaliwa.

Umuhimu wa jambo hili hudhihirika mtu akitafakari jinsi injini hii ilivyoundwa. Silinda zake sita, tatu upande huu na tatu upande huu, zimelala ubavu, na kila moja imezungukwa na mapezi membamba ya madini ambayo hewa ya feni hupita katikati yake na kuchukua joto. Hewa hiyo hufanya kazi kubwa, lakini haifiki kila mahali. Haifiki chini ya pistoni, wala kwenye beringi za krankishafti, wala kwenye kamshafti zilizofungiwa katika masanduku yake. Huko kote oili ndiyo ilainishayo na ndiyo ibebayo harara, hata katika injini zilizofuata baada ya mwanzo wa miaka ya 1970 viliongezwa vitundu maalumu vya kurushia oili chini ya pistoni kwa kusudi la kuzipoza. Ndiyo sababu gari hili hubeba oili nyingi mno kuliko magari ya kadiri yake. Injini ya Volkswagen ya kobe, ambayo ni jamaa yake wa mbali kwa asili, hutosheka na lita mbili na nusu, ilhali 911 huhitaji lita 9 katika matoleo ya awali na kiasi cha lita 13 katika baadhi ya yale ya baadaye.

Oili hiyo yote haikai chini ya injini kama ilivyo ada ya magari mengi. Injini ya kwanza, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1991 na nguvu za farasi 130, ambayo Hans Mezger alikuwa miongoni mwa wahandisi wake wakuu na Ferdinand Piëch alikuwa na mkono wake katika kuikuza, ilipewa tangi la oili la kando na pampu mbili: moja hufyonza oili idondokayo chini ya injini na kuipeleka tangini, na ya pili huitoa tangini na kuisukuma kwa nguvu hata kwenye beringi. Tangi liliwekwa nyuma ya gurudumu la nyuma la kulia. Mwaka 1972 likahamishiwa mbele ya gurudumu hilo na kupewa kifuniko chake cha nje ubavuni mwa gari, lakini wahudumu wa vituo vya petroli wakakidhania kuwa ndicho cha petroli na kumimina petroli katika oili, basi mwaka uliofuata tangi likarudishwa lilikokuwa.

Katika mzunguko huo zimo sehemu mbili za kupoza oili. Ya kwanza imefungwa kwenye injini yenyewe na hupigwa na upepo wa feni. Ya pili, iliyoanza na 911 S ya mwaka 1969, iko mbele kabisa, ndani ya madigadi ya kulia, na oili huifikia kwa mabomba mawili marefu yapitayo chini ya ubavu wa kulia wa gari. Kila moja hulindwa na themostati ambayo huizuia oili isipite huko hata ipate joto la kutosha, kiasi cha nyuzi 83 au zaidi kidogo. Kwa hiyo kiwango cha chini cha joto la kawaida hakikutokea kwa bahati, bali kiliamuliwa na waundaji wenyewe.

Jambo hili la kiwango cha chini hupuuzwa na wenye magari wengi, nao huona fahari mshale wao ukikaa chini daima. Maoni ya mwandishi huyu ni kwamba oili iliyo baridi mno ni adui sawa na iliyo moto mno, tofauti ni kwamba ile baridi hudhuru kimyakimya. Mwako wa petroli huzaa mvuke wa maji, na sehemu ya mvuke huo, pamoja na petroli isiyoungua, hupenya pembeni mwa pistoni na kuingia katika oili. Oili ikifika nyuzi 90 na kukaa hapo kwa muda, uchafu huo hukauka na kutoka, lakini gari litumikalo kwa safari fupi za sokoni na kurudi hulimbikiza maji hayo, na mwenye kufungua kifuniko cha tangi atakuta povu la rangi ya maziwa limeganda upande wa ndani. Humo ndimo huzaliwa asidi ilayo beringi. Fauka ya hayo, oili baridi ni nzito na hupita kwa taabu. Kwa sababu hiyo ni vyema kuondoa gari mara injini inapowaka, bila kuiacha ikinguruma mahali pamoja, na kuiendesha kwa upole bila kupandisha mizunguko, hata mshale uondoke chini. Kwa wingi wa oili iliyomo, subira hiyo ni ya robo saa au zaidi.

Hata kipimo cha wingi wa oili hutegemea joto lake. Katika magari mengi dereva huchomoa dipstiki asubuhi injini ikiwa imezimwa. Katika 911 afanyaye hivyo hudanganyika, kwa kuwa gari lililolala usiku kucha huwa limeacha sehemu ya oili iteremke kutoka tangini na kuingia katika injini. Kipimo cha haki ni gari kusimama mahali pa usawa, oili ikiwa na joto la nyuzi 80 au 90, na injini ikinguruma taratibu. Asiyelijua hili huongeza lita moja, kisha nyingine, na oili iliyozidi hutafuta njia ya kutokea, ikaingia katika kichujio cha hewa na kutoka nyuma kama wingu la moshi.

Joto pia hufungamana na shinikizo. Mafundi hukadiria kwamba injini yenye moto kamili ionyeshe kama sehemu saba katika kumi za baa kwa kila mizunguko elfu kwa dakika. Oili ikipanda kutoka nyuzi 90 hata 110 huwa nyepesi, na mshale wa shinikizo hushuka, hasa gari likisimama kwenye taa za barabarani. Kushuka huko peke yake si maradhi. Kinachotisha ni shinikizo kushuka wakati mizunguko iko juu.

Mfano mkubwa wa madhara ya harara ni injini ya lita 2.7 iliyotumika katika 911 za mwaka 1974 hata 1977. Mwili wa injini hiyo ulikuwa wa magnesiamu, madini mepesi yaliyochaguliwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 ili kupunguza uzito wa nyuma, na silinda zake zilishikwa na boliti ndefu za chuma, nne kwa kila silinda, zilizokazwa katika magnesiamu hiyo. Magnesiamu na alumini hutanuka kwa moto karibu mara mbili kuliko chuma. Basi kila injini ilipopata moto, silinda zilitanuka na kuzivuta boliti, na hesi laini za magnesiamu ndizo zilizobeba mvutano huo. Katika hali ya kawaida zilistahimili. Lakini magari yaliyopelekwa Marekani, kwanza yale ya California mwaka 1975 na kisha ya nchi nzima, yalifungwa katika mfumo wa moshi masanduku ya kuunguzia gesi chafu, nayo yaliwaka moto mkali karibu na hedi za silinda. Na mwaka 1976 feni ya mapanga kumi na moja ikabadilishwa kwa ya mapanga matano. Hesi zikang'oka, silinda zikalegea, oili na moshi vikapenya. Mafundi walijifunza kutoboa upya matundu ya boliti hizo na kutia vikoti vya chuma vyenye hesi ngumu, na dawa hiyo yatumika hata leo. Kampuni nayo ilipoleta 911 SC kwa mwaka 1978 ilirudia mwili wa alumini. Jina baya la injini hiyo halikustahili kuwaangukia waliobuni umbo lake, kwani palipoondolewa masanduku yale ya moshi na kutiwa kipoza oili cha mbele, iliweza kuishi muda mrefu.

Vipoza vya mbele navyo viliendelea kubadilika: kwanza bomba lililokunjwa, kisha mabomba yenye mapezi, na katika magari ya Carrera ya miaka ya 1980 rejeta kamili ya oili, ambayo hatimaye iliwekewa feni ya umeme. Kwa nchi zetu za jua tofauti hiyo ni kubwa, maana bomba lililokunjwa hutegemea upepo wa mwendo, na gari lililokwama foleni halina upepo. Katika mashindano ya magari ya Safari, ambako 911 ilishika nafasi ya pili mwaka 1972, 1974 na 1978 bila kupata ya kwanza, injini zilipata pamoja na jua shida ya vumbi na matope yazibayo mapezi.

Mapezi yaliyoziba ndiyo mahali pa kwanza pa kutazama joto linapozidi, kwani majani makavu na hata viota vya panya hupatikana chini ya bati la feni. Kisha hutazamwa mpira uzungukao injini, ambao ukichakaa huiruhusu hewa ya moto ya chini kupanda na kuvutwa tena na feni. Kisha mkanda wa feni, uwashaji wa plagi uliochelewa, na mchanganyiko wenye petroli haba. Themostati ya mbele hupimwa kwa mkono: oili ikiwa nyuzi 95, kiganja kikisogezwa bila kugusa karibu na mabomba mawili ya ubavu wa kulia huhisi joto kwa yote mawili; lakini likiwa la moto moja tu, au yote ni baridi, njia imefungwa. Mabomba hayo hupondwa pia na jeki iliyowekwa pasipo mahali pake, na bomba lililopondeka hubana oili kama themostati iliyokwama.

Kabla ya kufungua chochote, hata hivyo, geji yenyewe ihukumiwe, kwa maana nyingi zina mistari bila tarakimu, na waya wa athi wenye kutu huweza kuupeleka mshale mahali pa uongo. Kipimajoto cha geji hiyo hufunguliwa kutoka kwenye injini kikiwa kimeungwa na waya wake, mwili wake hupewa athi kwa waya mwingine, na ncha yake hutumbukizwa katika maji yachemkayo, huku swichi ikiwa imewashwa. Mwambao, Mombasa au Tanga, maji hayo ni nyuzi 100. Nairobi, kwa urefu wake juu ya bahari, ni kama 94 au 95. Mahali mshale utakaposimama hutiwa alama, na masomo yote ya geji hiyo husomwa kuanzia hapo.