Majani ya Mpera na Msokoto wa Tumbo

Kwetu Kasulu, mtoto aliyeshikwa na msokoto wa tumbo alipelekwa kwanza kwa bibi. Bibi yangu alichuma majani machanga ya mpera, akayachemsha hadi maji yakawa kama chai ya rangi, yenye ukakasi wa kukausha ulimi.

Msokoto huo ni msuli wa utumbo unaojikaza; nao hujikaza kalsiamu inapojaa ndani ya seli zake; ikipungua, hulegea. Mwaka 1970 Sami Said na Viktor Mutt walitangaza peptidi, yaani kipande kifupi cha protini, waliyoipata kwenye utumbo wa nguruwe, wakaiita VIP (kifupi cha Kiingereza cha “vasoactive intestinal polypeptide”). Neva za utumbo huitoa, kalsiamu hushuka, msuli hutulia. Majani ya mpera nayo yana kemikali iitwayo kwasetini, ambayo maabara imeonyesha huzuia kalsiamu kuingia. Bibi aliijua dawa kwa matokeo yake, na mimi namheshimu kwa hilo.

Lakini kulegeza msuli si kurudisha maji mwilini mgonjwa anapoharisha. Mei 2015 kipindupindu kilipowashambulia wakimbizi wa Burundi pale kijijini Kagunga, kabla hawajahamishiwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, walichohitaji haraka ni maji ya chumvi na sukari, na dripu kwa waliozidiwa.