Tairi Inang'aa, Kumbe Mzee! Safari ya Zaidi ya Miaka 130 Nyuma ya Tairi za Pikipiki Kubwa

Jamaa mmoja wa Kinondoni, jina kapuni, alinunua pikipiki ya cc 650 mkononi kwa mtu. Ilikuja na tairi za mbio, zile pana zenye mikato michache, zinang'aa kinoma. Hakuna kipara, hakuna pancha, mikato bado imekwenda chini vizuri. Washkaji zake walikuwa wamepanga safari ya Dar hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 800, wanaondoka Ijumaa alfajiri. Jumatano akampelekea fundi pikipiki amwage oili tu, basi.

Fundi akachuchumaa nyuma ya pikipiki, akaipapasa tairi.

"Mdogo wangu, hii tairi ina umri gani?"

"Mpya hiyo kaka. Si unaona mikato yake?"

Fundi akamuonyesha namba nne kwenye ubavu wa tairi: 1412. Akamfafanulia kwamba mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Wiki ya 14, mwaka 2012. Tairi ilikuwa na zaidi ya miaka 10, imekaa tu stoo na juani, mpira umekauka mpaka ukiuchoma kwa ukucha hauingii.

"Kwa hii, Mbeya huendi," fundi akasema. "Labda uende na basi."

Dukani Kariakoo jamaa akakuta mtihani mwingine. Kuna tairi za mbio, kuna tairi za safari, na katikati kuna zinazoitwa spoti turingi, ambazo bei yake ilimfanya akae chini kwanza. Kwa nini kitu cheusi cha duara kiwe na aina zote hizo? Ili umwelewe muuza duka, inabidi urudi nyuma sana, mpaka kwenye baiskeli ya mtoto mmoja kule Belfast.

Ilianza na mtoto kulalamika njia mbovu

Mwishoni mwa miaka ya 1880, daktari wa mifugo mmoja mwenye asili ya Scotland alikuwa anaishi Belfast, Ireland. Mwanawe alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, na magurudumu ya enzi hizo yalikuwa na mpira mgumu usio na upepo. Ukipita kwenye mawe, mgongo unajua. Baba akatengeneza mipira yenye upepo ndani, akaifunga kwenye magurudumu, na mwaka 1888 akapata hati ya kumiliki ubunifu huo. Jina lake lipo kwenye tairi mpaka leo: John Boyd Dunlop.

Kumbe kuna mwenzake alikuwa ameshamtangulia. Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alisajili wazo hilohilo mwaka 1845, wakati baiskeli zenyewe hazijawa za kawaida, kwa hiyo watu wakalisahau. Thomson alipokumbukwa, hati ya Dunlop ikafutwa. Lakini biashara ilikuwa imeshashika kasi, maana mwaka 1889 mwendesha baiskeli mmoja alitumia tairi za upepo kwenye mashindano ya Belfast akawaacha wenzake wote.

Zingatia hapo. Tairi ya upepo ilibuniwa kwa ajili ya raha ya safari, na ndani ya mwaka mmoja ikawa ya mbio. Huo mvutano wa raha na mbio ndio bado unaendelea kwenye rafu za Kariakoo.

Waliolipa gharama hawakuwa Belfast

Baiskeli, kisha pikipiki na magari, vilihitaji mpira mwingi, na wakati huo mpira ulitoka porini. Kongo ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kuanzia mwaka 1885 hadi 1908. Vijiji vilipangiwa kiasi cha utomvu wa mpira cha kuleta kutoka msituni. Wasiofikisha walichapwa viboko, wake zao walishikwa mateka, na wengi walikatwa mikono. Picha za watu hao waliokatwa mikono zilipofika Ulaya ndipo kelele zikawa kubwa mpaka mfalme akanyang'anywa koloni.

Baadaye mashamba makubwa ya mipira ya Asia ya Kusini-Mashariki yakashusha bei. Kisha Vita ya Pili ya Dunia ikaja, Japani ikayateka mashamba hayo mwaka 1942, na Marekani ikalazimika kutengeneza mpira wa kiwandani kwa wingi. Tairi ya leo ni mchanganyiko wa hiyo miwili, wa mti na wa kiwandani, na kila kampuni inaficha vipimo vyake kama mama ntilie anavyoficha siri ya pilau yake.

Tairi hazikuzaliwa nyeusi

Mpira wenyewe una rangi ya maziwa, na tairi za mwanzo zilikuwa nyeupe au kijivu. Weusi ulikuja pale watengenezaji walipoanza kuchanganya masizi maalum kwenye mpira, jambo lililoenea miaka ya 1910. Masizi yalifanya tairi idumu maradufu na zaidi.

Ila kwenye mpira kuna sheria moja ngumu. Ukiufanya mgumu, unadumu lakini unateleza. Ukiufanya laini, unashika lami lakini unaisha haraka. Kwa miaka mingi mwenye pikipiki alichagua kimoja, na alichokosa alikilipia kwa njia nyingine.

Injini zikazikimbia tairi

Mwaka 1969 mambo yalichemka. Kwenye mbio za Isle of Man, mwendesha pikipiki mmoja juu ya Triumph Bonneville, pikipiki ya aina iliyouzwa madukani, alimaliza mzunguko kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa, yaani kama kilomita 161. Dunlop wakaipa tairi yake jina la TT100 kwa heshima ya tukio hilo. Mwaka huohuo Honda wakaleta CB750, silinda nne, inayogusa kilomita 200 kwa saa.

Shida ni kwamba tairi nyingi za wakati huo zilijengwa kwa nyuzi zinazokatizana kama mkeka uliosukwa. Ukienda kasi, nyuzi zinasuguana, tairi inapata moto na kutanuka, na pikipiki nzito inaanza kutikisika usukani. Nguvu zilikuwepo, ila cha kuzishusha barabarani ndicho kilikosekana.

Kwenye magari jibu lilikuwa limeshapatikana. Kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilisajili tairi ya radiali mwaka 1946 na kuiingiza sokoni mwaka 1949. Humo nyuzi zinakwenda moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, halafu juu yake unakuja mkanda imara. Hazisuguani sana, moto unapungua, kwa hiyo unaweza kutumia mpira laini zaidi bila tairi kuungua.

Sasa kwa nini pikipiki zikasubiri zaidi ya miaka 30? Kwa sababu gari halilali kwenye kona. Pikipiki ikilala, uzito wote unahamia begani mwa tairi, na ubavu laini wa radiali ulikuwa unabonyea. Wahandisi walihangaika na hilo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, Pirelli ya Italia ilipoleta radiali ya pikipiki ya barabarani, ile MP7. Honda VF1000R ya mwaka 1984 ikatoka kiwandani imevaa radiali. Kutoka hapo hapakuwa na kurudi nyuma.

Tairi ya mtu anayetaka kufika

Wateja nao walibadilika. Kijana aliyenunua pikipiki ya kasi miaka ya 1970 alikuwa amekuwa baba. Bado anapenda kona, ila Jumamosi anabeba mizigo na mtu nyuma, anakwenda kilomita 600, na mvua ikimkuta njiani haahirishi. Tairi za mbio hazikumfaa. Zinahitaji moto ili zishike, na kwenye mvua ya baridi ule moto haupatikani. Tena ya nyuma inaweza kuisha ndani ya kilomita elfu chache. Tairi za safari nazo zilidumu, ila kwenye kona hazikumpa imani.

Mambo mawili yakaleta suluhu. La kwanza ni silika, unga unaotokana na madini yaleyale ya mchanga, ulioanza kuchukua nafasi ya sehemu ya masizi kwenye tairi za magari miaka ya 1990 kisha ukaingia kwenye pikipiki. Silika inausaidia mpira kushika hata ukiwa wa baridi na barabara ikiwa imelowa. La pili ni kuweka mipira miwili kwenye tairi moja: mgumu katikati, laini mabegani. Barabara ndefu iliyonyooka inakula katikati mpaka tairi inakuwa bapa kama tofali, ila ukilala kwenye kona unakanyagia mabega. Kila sehemu ikapewa mpira wake. Pilot Road 2 ya Michelin ilitoka hivyo mwaka 2007.

Mwaka 2009 Pirelli wakaja na mbwembwe. Tairi yao ya Angel ST ikiwa mpya ilionyesha sura ya malaika kwenye mikato, na ikishalika kidogo inatokea sura ya shetani. Mwaka 2011 Michelin wakajibu na Pilot Road 3, yenye mikato myembamba kama ya wembe ya kukata maji. Tangu hapo kampuni zote kubwa zinashindana hapohapo: nani anashika zaidi kwenye mvua na bado anapita kilomita 10,000.

Sasa unachaguaje?

Historia yote hiyo imeandikwa ubavuni mwa tairi, ila watu hawasomi. Chukua mfano wa 180/55 ZR17 73W. 180 ni upana kwa milimita. 55 ni kimo cha ubavu, asilimia 55 ya upana huo. R ni radiali. 17 ni ukubwa wa rimu kwa inchi. 73 ni uzito inaoweza kubeba, kilo 365. W ni mwendo wa mwisho, kilomita 270 kwa saa. Fuata saizi iliyo kwenye kitabu cha pikipiki yako. Kuweka pana zaidi ili ionekane mbaya mtaani kunaiharibu umbo na kuifanya pikipiki iwe nzito kulala.

Halafu zile namba nne. Watengenezaji wengi wanashauri tairi ikifika miaka 5 ikaguliwe kila mwaka, na ikifika 10 itoke hata kama haijaisha. Mpira unazeeka ukiwa umekaa.

Funga mbele na nyuma za familia moja, maana zimetengenezwa zifanye kazi pamoja. Upepo pima asubuhi tairi zikiwa za baridi. Pikipiki nyingi za kundi hili zinataka karibu psi 36 mbele na 42 nyuma, ila cha kufuata ni kitabu chako. Na tairi ikiwa mpya inateleza, hivyo kilomita 100 za kwanza nenda taratibu, bila kulala sana wala breki za ghafla.

Kwa wenzetu wa bodaboda, tairi za 2.75 na 3.00 ni dunia nyingine na spoti turingi hazikai hapo. Ila umri, upepo na kipara ni sheria ileile.

Jamaa yetu aliishia wapi?

Hela ya pea nzima ya spoti turingi hakuwa nayo. Kulikuwa na pea ya mtumba ya bei chee, akaigeuza, akasoma namba, akairudisha. Ijumaa alfajiri washkaji wakawasha pikipiki, yeye akabaki kitandani. Jioni akaangalia status zao wakiwa mlima Kitonga, mvua inanyesha, lami inang'aa kama kioo, malori yamejipanga kwenye kona. Akaiangalia ile video mara mbili.

Mwezi uliofuata akanunua pea yake. Safari ya kwanza ilikuwa Bagamoyo na kurudi, taratibu, kulainisha tairi.

Zile za zamani alizikuta bado gereji, zimeegemezwa ukutani. Kuna dogo mmoja alikuwa ameshaziulizia, anataka azifunge kwenye pikipiki yake kwa sababu mikato ipo. Jamaa akamwita, akamuonyesha 1412, akamweleza kama alivyoelezwa. Kisha akaomba kisu kwa fundi, akazichana ubavuni zote mbili.

Pikipiki yako je, tairi ya nyuma imeandikwa namba gani? Kaicheki kwanza, halafu dondosha namba kwenye maoni hapo chini.